Mvinyo wa sanduku: Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

KILA mwaka baada ya mavuno, kaunti ya Uasin Gishu huingia katika msimu wa sherehe. Familia za Ainabkoi, Kaptagat, Burnt Forest na Kapsoya huandaa harusi, karamu za mahari ziitwazo koito, mikutano ya vyama vya akina mama na makaribisho ya jamaa wanaorejea nyumbani kwa likizo ya Desemba. Chai haikosi, wala mursik haikosi. Na katika boma ambazo dini yake haikatazi kileo, mezani sasa huonekana chombo ambacho wazee wa zamani hawakukijua: sanduku la karatasi ngumu lenye mfereji mdogo wa plastiki, na ndani yake lita 5 za mvinyo.

Wengi hulinunua kwa kuamini kwamba ni nafuu kuliko chupa. Wengine hulidharau kwa kudhani kwamba kilichomo ni makapi ya kiwanda. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hakuna iliyo sahihi kabisa. Thamani ya sanduku hutegemea mambo matatu ambayo mnunuzi anaweza kuyapima mwenyewe: bei ya kila lita, muda utakaopita kabla ya mvinyo kuisha, na idadi ya watu watakaounywa. Anayepuuza mojawapo huenda akalipa zaidi ya mwenzake aliyenunua chupa.

Asili ya sanduku

Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya mvinyo. Mnamo 1955, Mmarekani William Scholle alitengeneza mfuko wa plastiki uliotiwa ndani ya sanduku ili kusafirisha asidi ya betri za magari. Asidi hiyo ilikuwa hatari kumwagika na nzito kubebwa katika vyombo vya kioo.

Miaka 10 baadaye, mnamo Aprili 1965, Thomas Angove, mwenye kiwanda cha mvinyo mjini Renmark, Australia Kusini, alisajili hataza ya kutumia mfuko wa namna hiyo kwa mvinyo. Sanduku lake la kwanza lilibeba galoni moja, takriban lita 4.5. Halikuwa na mfereji. Mnunuzi alikata pembe ya mfuko, akamimina alichotaka, kisha akaubana kwa kibanio. Mnamo 1967, Charles Malpas kwa ushirikiano na kampuni ya Penfolds alipata hataza ya mfereji wa plastiki usiopitisha hewa, ukiwa umeunganishwa na mfuko wenye utando wa madini. Huo ndio msingi wa masanduku yanayouzwa leo.

Siri ya ubunifu huo ni moja. Adui mkubwa wa mvinyo uliofunguliwa ni oksijeni. Chupa ikimiminwa, nafasi iliyoachwa hujazwa na hewa, na mvinyo uliobaki huanza kupoteza harufu na ladha yake, hatimaye ukawa mchachu kama siki. Mfuko ulio ndani ya sanduku haufanyi hivyo. Kadiri mvinyo unavyotoka, mfuko husinyaa, na hewa haipati mahali pa kuingia. Kwa sababu hiyo, chupa iliyofunguliwa huharibika baada ya siku mbili au tatu, ilhali sanduku lililofunguliwa hudumu wiki nne hadi sita likitunzwa vyema.

Nchini Sweden, takriban nusu ya mvinyo unaouzwa huuzwa katika masanduku. Italia, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye sheria kali kuhusu mvinyo, iliruhusu mnamo 2008 baadhi ya mivinyo yake yenye hadhi ya asili ya eneo kuuzwa katika vifungashio vya aina hiyo. Kwa hivyo dhana kwamba kila kilichomo sandukuni ni duni haina msingi.

Sanduku si kartoni

Kosa la kwanza linalowapoteza wanunuzi wengi nchini ni kuchanganya vyombo viwili vinavyofanana kwa nje. Kuna sanduku lenye mfuko na mfereji, ambalo kwa kawaida hubeba lita 3 au 5. Katika soko la Kenya, mivinyo ya Afrika Kusini kama Drostdy-Hof, Cellar Cask na 4th Street imekuwa ikiuzwa kwa ujazo wa lita 5. Halafu kuna kartoni ya lita moja, inayofanana na ile ya maziwa ya muda mrefu au sharubati, kama ilivyouzwa Caprice kwa miaka mingi.

Kartoni haina mfuko unaosinyaa. Ikishakatwa au kufunguliwa kizibo, hewa huingia kama inavyoingia katika chupa, na mvinyo wake hauna budi kunywewa katika siku chache. Anayeweka kartoni iliyofunguliwa kabatini kwa wiki tatu, akiamini kwamba "mvinyo wa boksi hauharibiki", atakuta siki.

Kartoni pia huwapotosha wanunuzi katika kulinganisha bei. Chupa ya kawaida ina mililita 750, kartoni ina mililita 1,000. Anayetaka kujua kama kartoni ni nafuu aigawanye bei yake kwa nne, kisha azidishe kwa tatu. Jibu ndilo litakalolinganishwa na bei ya chupa.

Hesabu ya lita

Sanduku la lita 3 ni sawa na chupa 4 za mililita 750. Sanduku la lita 5 ni sawa na chupa 6 na theluthi mbili. Njia nyepesi ni kugawanya bei ya sanduku la lita 5 kwa 20, kisha kuzidisha kwa tatu. Hapo hupatikana bei ya kiasi kinachotosha chupa moja.

Tuchukue mfano. Chupa ya mvinyo fulani inauzwa Sh1,200, na sanduku la lita 5 la mvinyo huo huo linauzwa Sh5,600. Ukigawanya 5,600 kwa 20 unapata 280, na ukizidisha kwa tatu unapata Sh840. Mnunuzi wa sanduku ameokoa Sh360 kwa kila chupa, yaani asilimia 30. Huo ni unafuu wa kweli.

Sasa chukua mfano mwingine. Chupa ni Sh750, sanduku ni Sh5,200. Hesabu ile ile inatoa Sh780. Hapa sanduku ni ghali kuliko chupa, ingawa ukubwa wake unamfanya mnunuzi aamini kwamba amepata bei ya jumla. Hali hii hutokea hasa msimu wa sikukuu, pale maduka yanapopunguza bei ya chupa kwa ofa na kuacha bei ya sanduku ilivyokuwa.

Kuna sehemu ya pili ya hesabu ambayo husahaulika. Unafuu hupatikana tu ikiwa mvinyo wote utanyweka ukiwa mzuri. Katika mfano wa kwanza, sanduku la Sh5,600 ni sawa na bei ya chupa 4 na theluthi mbili, yaani lita 3.5. Familia ikinywa lita 3 na kumwaga nyingine 2 zilizoharibika, imelipa Sh1,400 kwa kila chupa iliyonyweka. Ingalinunua chupa nne moja moja, ingalilipa Sh4,800 na kubaki na Sh800 mfukoni. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Kwa nini sanduku huwa na bei ya chini

Unafuu wa sanduku hautokani na hisani ya muuzaji. Unatokana kwa sehemu kubwa na uzani. Chupa tupu ya mvinyo ina uzani wa takriban nusu kilo. Lita 5 zikitiwa katika chupa zinahitaji zaidi ya kilo 3 za kioo. Mfuko na karatasi ya sanduku havifikii nusu kilo. Kwa maneno mengine, lori linalobeba mvinyo wa chupa hubeba mzigo ambao zaidi ya theluthi moja yake ni kioo, na kioo chenyewe huvunjika njiani.

Mvinyo mwingi unaonywewa nchini hutoka nje, hasa Afrika Kusini, na hupitia bandari ya Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 800 kwa barabara. Mzigo hupanda kutoka usawa wa bahari, hupita Nairobi na Nakuru, kisha hukwea Timboroa kabla ya kushuka Burnt Forest na kuingia Eldoret. Kila kilo inayopunguzwa katika safari hiyo hupunguza gharama ya mafuta. Ndiyo maana tofauti ya bei kati ya sanduku na chupa ina maana zaidi kwa mkazi wa nyanda za juu kuliko kwa mkazi wa karibu na bandari.

Hali haikuwa hivi daima. Kwa miaka mingi Kenya ilisusia bidhaa za Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kampuni ya Kenya Wine Agencies, KWAL, iliyoanzishwa na serikali mnamo 1969, ndiyo iliyotawala biashara ya mvinyo, na katika miaka ya 1980 ilitengeneza mvinyo wa mapapai. Baada ya biashara kufunguliwa miaka ya 1990, bidhaa za Afrika Kusini zilijaa madukani. Kampuni ya Distell ya nchi hiyo ilipata hisa nyingi katika KWAL mnamo 2017, na Distell yenyewe ikachukuliwa na Heineken mnamo 2023. Mvinyo unaotokana na zabibu za Kenya, kama Leleshwa wa Naivasha, ni wa kiasi kidogo.

Ushuru unaofichua udanganyifu

Jambo moja ambalo sanduku haliwezi kulipunguza ni ushuru. Hadi Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo ulikuwa Sh243.43 kwa kila lita, uwe mkali au mwepesi. Sheria ya marekebisho ya ushuru iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa mwezi huo ilibadilisha kipimo. Mvinyo ulianza kutozwa Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi kilichomo.

Maana yake ni rahisi kuonyesha. Mvinyo wenye asilimia 12 ya kileo una sentilita 12 za kileo halisi katika kila lita. Ushuru wake ni Sh270 kwa lita, au Sh1,350 kwa sanduku la lita 5. Mvinyo mtamu wenye asilimia 8 hutozwa Sh180 kwa lita, au Sh900 kwa sanduku. Kwa kipimo cha zamani, yote mawili yalitozwa Sh1,217.15. Hivyo mabadiliko hayo yaliupunguzia mzigo mvinyo mwepesi na kuuongezea ule mkali. Mpaka kati ya pande hizo mbili ni takriban asilimia 10.8 ya kileo.

Juu ya ushuru huo huongezwa VAT ya asilimia 16. Kwa sanduku la asilimia 12, ushuru wa bidhaa pamoja na VAT yake pekee hufikia Sh1,566. Kwa lile la asilimia 8 hufikia Sh1,044. Hapo bado hakijahesabiwa chochote cha mvinyo wenyewe, ushuru wa forodha, usafiri, kodi ya duka wala faida ya muuzaji.

Hesabu hii ni kinga kwa mnunuzi. Akiuziwa kichochoroni sanduku la lita 5 lenye asilimia 12 ya kileo kwa Sh1,500, ajue kwamba bei hiyo haitoshi hata kulipia ushuru. Bidhaa hiyo imepita njia za panya, imeibwa, au kilichomo si kile kilichoandikwa nje. Eldoret iko kwenye barabara kuu iendayo mpakani Malaba, na vileo vya magendo ni tatizo la siku nyingi katika maeneo ya mpakani. Kwa kuwa viwango vya ushuru hubadilishwa mara kwa mara na bunge, la muhimu kukumbuka ni njia ya hesabu: asilimia ya kileo, mara idadi ya lita, mara kiwango cha ushuru.

Hatari ya vileo bandia si ya kufikirika. Mnamo Mei 2014, makumi ya Wakenya walifariki katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mnamo Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Vileo hivyo havikuwa mvinyo wa sanduku, lakini mafunzo yake yanahusu kila kileo: bei isiyoelezeka ina maelezo yake, nayo aghalabu si mema.

Kinga ya pili ni stempu. Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, huhitaji kila chombo cha mvinyo kiwe na stempu ya ushuru, na imetoa programu ya simu iitwayo Soma Label ambayo mwananchi anaweza kuitumia kukagua uhalali wake. Bidhaa za kutoka nje zinapaswa pia kuwa na kibandiko cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Umri wa sanduku na baridi ya Ainabkoi

Wapo wanaoamini kwamba mvinyo huwa bora kadiri unavyozeeka. Imani hiyo ni kweli kwa mivinyo michache ya chupa, tena iliyohifadhiwa kwa uangalifu. Kwa sanduku ni kinyume kabisa. Plastiki ya mfuko, hata ikiwa na utando wa madini, hupitisha hewa kidogo kidogo. Sanduku ambalo halijafunguliwa linafaa kunywewa katika muda wa miezi 6 hadi 12 tangu lilipojazwa. Baada ya hapo ladha hufifia, na mvinyo mweupe hugeuka rangi ya kahawia.

Kwa hivyo tarehe ya kujazwa ndiyo maandishi ya kwanza ya kusomwa kwenye sanduku, kabla ya jina na kabla ya bei. Katika maduka ya miji midogo, ambako bidhaa hukaa rafuni kwa muda mrefu, si ajabu kupata sanduku lililojazwa mwaka mmoja na nusu uliopita. Likiwa na punguzo kubwa la bei, sababu huenda ikawa hiyo.

Katika jambo hili wakazi wa Ainabkoi wana bahati. Joto huharakisha kuharibika kwa mvinyo, na mwinuko wa eneo hilo ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai halijoto ya Eldoret hushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Chumba chenye kivuli, mbali na jiko na dirisha linalopigwa na jua, chatosha kuhifadhi sanduku bila jokofu. Mtu wa Mombasa au Lodwar hana anasa hiyo.

Mwinuko una athari nyingine ndogo. Hewa kidogo iliyobaki ndani ya mfuko hutanuka katika nyanda za juu, kama inavyotanuka katika pakiti ya vibanzi vya viazi. Mfuko uliovimba kidogo si lazima uwe umeharibika. Lakini sanduku lililotuna kiasi cha kupinda kuta zake, au lenye harufu ya chachu kwenye mfereji, liachwe dukani.

Ladha na ubora

Mvinyo wa sanduku hutengenezwa unywewe mapema. Mtengenezaji hachagui kwa ajili hiyo zabibu za bei ya juu, bali huchanganya za mashamba mbalimbali ili ladha ifanane kila mwaka. Anayetafuta mvinyo wa kumbukumbu, wa zawadi kwa wakwe au wa kuhifadhiwa miaka 10, hataupata humo. Anayetafuta kinywaji cha kuandamana na nyama choma na mboga kwa wageni 30 hana sababu ya kulipia kioo.

Maandishi ya sanduku husaidia. Neno "dry" humaanisha kwamba sukari ya zabibu imegeuka karibu yote kuwa kileo, na ladha yake ni kavu. Maneno "natural sweet" humaanisha kwamba sukari imebaki na kileo aghalabu ni kidogo. Wanywaji wengi wapya nchini hupenda aina tamu. Wakumbuke kwamba utamu huficha kileo na kwamba sukari hiyo inamhusu mwenye ugonjwa wa kisukari. Mvinyo wa sanduku pia hutiwa salfa ili usiharibike, wakati mwingine zaidi kidogo kuliko wa chupa. Mwenye pumu inayochochewa na salfa asome kibandiko.

Anayeuza kwa glasi

Kwa mwenye hoteli au baa iliyo na leseni, hesabu inaegemea upande wa sanduku kwa uwazi zaidi. Glasi ya mililita 150 hutoka mara 5 katika chupa, na mara 33 katika sanduku la lita 5. Katika mji mdogo ambako wanywaji wa mvinyo ni wachache, mwenye baa akifungua chupa Jumatatu na kuuza glasi 2 tu, glasi 3 zilizobaki zinaweza kuharibika kabla ya Ijumaa. Sanduku humpa mwezi mzima wa kuuza bila hasara hiyo.

Hata hivyo anapaswa kuandika tarehe ya kufungua kwenye sanduku lenyewe na kutumia kipimo. Mfereji hautoi hesabu. Mhudumu anayemimina mililita 200 badala ya 150 humpunguzia mwajiri glasi 8 katika kila sanduku, na faida yote huenda na maji.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayofahamika kama Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, inakataza kuuziwa kileo mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mzazi anayemtuma mwanawe dukani kuleta sanduku humtia muuzaji katika hatari ya kushtakiwa. Sheria hiyo pia inataka chombo kiwe na onyo la kiafya, na inapiga marufuku vileo vya vifuko vidogo vya plastiki. Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo uliwekwa mikononi mwa serikali za kaunti, hivyo anayetaka kuuza Ainabkoi hana budi kuomba kwa serikali ya Uasin Gishu.

Mnamo Julai 2025, serikali ilizindua sera mpya ya kupambana na ulevi iliyopendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21 na uuzaji wa vileo katika supamaketi uzuiwe. Sera si sheria mpaka bunge lipitishe. Lakini kwa kuwa masanduku mengi hununuliwa supamaketi, ni jambo la kufuatiliwa na wanunuzi na wafanyabiashara pia.

Mtungi usio na wazee

Gharama kubwa zaidi ya sanduku haiandikwi kwenye risiti. Zamani, pombe ya Wakalenjin ilinywewa kutoka mtungi mmoja kwa mirija mirefu. Wanywaji walijulikana, siku ilijulikana, na mtungi ulipoisha kikao kilivunjika. Vijana hawakukaribia bila ruhusa. Chupa nayo ina mpaka wake: ikiisha, mtu huona kwamba imeisha, na hufikiri kabla ya kufungua nyingine.

Sanduku halina mpaka huo. Kiwango kilichobaki hakionekani. Limewekwa jikoni, mfereji u tayari, na glasi moja ya jioni hugeuka mbili bila mtu kutambua. Haba na haba hujaza kibaba. Sanduku la lita 5 lenye asilimia 12 ya kileo lina mililita 600 za kileo halisi. Hicho ni kiasi kinachopatikana katika chupa 24 za bia ya mililita 500 yenye asilimia 5, karibu kreti nzima. Mtu ambaye hawezi kukubali kreti ya bia iwekwe jikoni mwake kwa matumizi ya mtu mmoja ayatazame masanduku kwa jicho hilo hilo.

Mnamo Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa salama kwa afya. Kwa mama mjamzito, kwa anayetumia dawa zisizopatana na kileo na kwa mtu aliyewahi kupambana na ulevi, bei ya sanduku haina maana. Kwao hakuna unafuu. Na mgeni wa karamu anayerejea Nakuru usiku kupitia Timboroa aachiwe chai.

Ya kukagua dukani

Mnunuzi aliyekwisha kuamua afuate hatua hizi. Kwanza, asome tarehe ya kujazwa na asikubali sanduku lililopita miezi 9, isipokuwa kama litanyweka siku hiyo hiyo. Pili, akague stempu ya ushuru kwa simu yake. Tatu, atazame pembe za sanduku. Karatasi iliyolowa au yenye madoa ni dalili ya mfuko unaovuja. Nne, ahakikishe kwamba mfereji una kizuizi chake na haujaguswa. Tano, asome asilimia ya kileo na kufanya hesabu ya lita. Sita, adai risiti.

Nyumbani, sanduku liwekwe mahali pa baridi na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwa kalamu. Anayetaka kujua unywaji wake amimine kiasi cha siku katika birika la kioo, kisha alirudishe sanduku kabatini. Mvinyo ukiacha kutoka, mfuko utolewe sandukuni na kukamuliwa, kwani glasi moja au mbili hubaki pembeni. Mfuko mtupu usitumiwe kuhifadhi maziwa au maji ya watoto.

Kwa ujumla, sanduku lina thamani kwa mwenye karamu ya watu wengi, kwa mwenye baa anayeuza kwa glasi, na kwa wenzi wanaokunywa kiasi kidogo na kuweza kulimaliza katika mwezi mmoja. Halina thamani kwa anayenunua mara moja kwa mwaka na kulisahau kabatini, wala kwa anayelinunua kwa sababu tu ni kubwa. Kwa hao, chupa moja iliyochaguliwa vyema itawagharimu pesa kidogo na kuwapa kinywaji bora.

Kwa yule ambaye kila sanduku humwishia kabla ya wiki kupita, hesabu ya kufanya si ya shilingi tena. Mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, ina nambari ya simu isiyolipiwa, 1192, kwa wanaohitaji ushauri.